Undugu wa Njiani: Tippu Tip, Bibi Aliyetekwa, na Safari Yangu ya Tabora

Makala haya yalianza kama kazi ya semina. Tulipewa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, tukaambiwa tujadili dhamira zake kuu. Wenzangu wengi waliandika juu ya biashara ya pembe na watumwa, wengine juu ya kuingia kwa ukoloni, na wala hawakukosea. Mimi nilikwama mahali pamoja tu: pale msimulizi anapoingia Utetela, ndani kabisa ya Kongo, akamwambia mtawala mzee asiyemjua kwamba yeye ni mjukuu wao na sasa amerudi nyumbani. Alama nilizopata zilikuwa za wastani. Mhadhiri alisema nimeshika kisa kimoja nikasahau kitabu.

Labda ni kweli. Lakini baada ya semina ile nilikwenda Tabora kuwatafuta jamaa zangu mwenyewe, na nimerudi nikiamini kwamba kisa kile ndicho ufunguo wa kitabu. Hoja yangu ni hii: katika njia ya zamani ya misafara neno "ndugu" lilikuwa likifanya kazi kubwa kuliko kutaja damu. Lilikuwa linaomba kitu. Kwa hiyo tusomapo hadithi ya mtu anayerudi kwa mababu, tusiishie kuuliza kama anasema kweli. Tuulize anaomba nini, kwa nani, na kwa jina la nani.

Kwanza tukitazame kitabu chenyewe. Tippu Tip alizaliwa Unguja kwenye miaka ya mwisho ya 1830, akafia huko huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaeleza kwa Kiswahili uzeeni, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, naye Brode akayachapisha Berlin kati ya 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Kwetu yalijulikana zaidi kwa toleo la W. H. Whiteley la mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengi huhesabu kuwa hii ndiyo tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Hata hivyo darasani tumezoea kuanza na Maisha Yangu ya Shaaban Robert, na Tippu Tip tunawaachia watu wa idara ya historia wamtumie kama ghala la ushahidi. Huko ni kumpunja. Kazi hii ina fani yake: sentensi fupi, majina ya watu na nchi yaliyopangwa kama mizigo ya wapagazi, hesabu za frasila na bei, na hisia chache mno. Msimulizi wa namna hiyo, anayehesabu kila kitu, akianza ghafla kuzungumzia bibi yake, mhakiki hana budi kusimama.

Katika kitabu hiki undugu umetokea kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza iko Tabora. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa Unyanyembe, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tabora wakati ule ilikuwa njia panda. Burton na Speke walipoingia Novemba 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kuweka makazi yao Kazeh. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ya kurudi pwani iliishia Bagamoyo. Mfanyabiashara aliyekuwa mkwe wa mtemi hakuwa tena mpita njia. Alipata ardhi, ulinzi na sauti. Lakini undugu huu ulikuwa na gharama zake. Fundikira alipofariki mwaka 1858, ugomvi wa urithi uliwagusa walowezi wote, na mkwe hawezi kusimama pembeni akasema hayamhusu. Huu ni undugu wa ndoa: umefungwa mbele za watu, na kila upande unajua unadaiwa nini.

Namna ya pili ndiyo ile ya Utetela, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Tippu Tip ameshavuka Ziwa Tanganyika, ameshapita Urua, naye anasikia habari za mtawala mzee aitwaye Kasongo Rushie. Anasikia pia kwamba zamani, katika vita vya watu wa Urua, wanawake wawili wa ukoo wa mzee huyo walitekwa: Kina Daramumba na Kitoto. Basi anaitengeneza nasaba. Babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, eti alimpata mwanamke wa Kitetela, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hiyo damu ya Utetela imo ndani yake, na sasa imerudi. Kasongo Rushie anamkubali, tena anamkabidhi utawala. Pembe zinaanza kuletwa kwake kwa haki ya kitawala, wala si kwa kununua.

Sasa hapo, bwana, tazama ufundi. Kitabu kizima Hamed anatembea kwa "bin": Hamed bin Muhammed bin Juma. Huo ndio utaratibu wa Kiarabu, na ndio unaompa heshima Unguja. Utetela peke yake anatembea kwa njia ya wanawake, kutoka kwa mama hadi kwa mama yake mama. Amegeuza mlango wa nasaba kwa sababu mlango wa baba huko haufungui kitu. Tena tazama mpango wa masimulizi: msomaji amekwisha kuambiwa habari za wanawake waliotekwa kabla hajasikia dai la ujukuu. Msimulizi hakutuambia kwamba alisema uongo, lakini hakuficha vifaa alivyotumia. Ametuachia mezani sindano na uzi, nasi tunaliona vazi.

Wasomaji hugawanyika hapa. Kuna wanaocheka wakasema, jamaa mjanja huyo, kama sungura wa ngano zetu. Wengine wanasema ni uongo wa mwizi, basi. Wanahistoria wengi nao wamekichukua kisa hiki kuwa ni hila. Mimi sina haja ya kumtetea mtu aliyejaza njia ile magofu na minyororo. Lakini majibu yote mawili yanatuchelewesha, kwa sababu yanamfanya Kasongo Rushie kuwa mjinga. Mzee yule alikuwa mtawala. Mbele yake alisimama mtu mwenye bunduki nyingi na wafuasi wengi, na mtu huyo akasema hakuja kupigana, amekuja nyumbani. Ungekuwa wewe ungejibu nini? Ukimkataa mjukuu, unabaki na adui mlangoni. Ukimkubali, bunduki zile zinakuwa za ukoo. Naona wote wawili walijua wanafanya nini. Undugu ule ulikuwa mkataba uliovaa nguo za damu.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 1976 Mmarekani Alex Haley alitoa kitabu chake Roots, akieleza alivyofika kijiji cha Juffure, Gambia, akamsikia mzee akisimulia ukoo wa Kunta Kinte, babu yake aliyetekwa. Watu walilia, na mimi nikilisoma tukio lile nalia. Baadaye, mwaka 1981, mwanahistoria Donald Wright alionyesha kwamba habari za mzee yule zina mashaka, na kwamba huenda alijua mapema mgeni anatafuta nini. Haley hakuwa na msafara wa bunduki. Alikuwa mjukuu wa watu walioibiwa. Kumfananisha na Tippu Tip moja kwa moja ni kumtukana. Lakini katika fani visa hivi viwili vimejengwa kwa nguzo ile ile: mgeni anafika na jina moja la mtu aliyetekwa, na wenyeji wanampa hadithi inayolingana na jina hilo. Mgeni anayetafuta ndugu hafiki mikono mitupu. Anafika na nusu ya hadithi, akisubiri nusu ya pili.

Hapo sasa ndipo inapoingia safari yangu, na naomba radhi kwa wale wasiopenda mhakiki ajilete mwenyewe katika makala.

Kwetu ni Bagamoyo. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba asili yetu ni Tabora, Unyanyembe hasa, kwa sababu bibi yake babu yangu "alikuja na msafara" kutoka huko. Maneno ndiyo hayo, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Likizo iliyopita nikapanda treni ya reli ya kati, ile ya zamani. Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inaufuata uelekeo wa njia ya wapagazi. Walichotembea wao kwa miezi, mimi nilikilalamikia kwa saa. Nilibeba doti mbili za kanga, sukari, na jina la bibi. Nilibeba pia, lazima nikiri, matumaini ya kupata makala nzuri.

Shangazi niliyeelekezwa anakaa Isevya. Ni mjukuu wa mtoto ambaye bibi yetu alimzaa Tabora kabla ya kufika pwani, kwa hiyo kwa hesabu za ukoo ni dada wa baba. Alinipokea vizuri, akaniita mwanangu, akanipikia ugali na kisamvu cha karanga, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akauliza, kwa upole tu:

"Sasa mwanangu, umekuja kuchukua nini?"

Nikasema, sikuja kuchukua kitu, shangazi. Nimekuja kuwajua ndugu.

"Haya. Maana wanaotoka pwani kuja huku, tangu zamani, wanakuja kuchukua."

Alicheka, nami nikacheka. Watu wa Tabora na sisi wa pwani tuna utani, na maneno kama hayo hayagombezwi. Lakini kicheko changu kilikuwa kifupi kuliko chake.

Kesho yake akamwita kaka yake, mzee wa makamo ya juu, na huyo ndiye aliyenivunja nguvu. Alisema bibi yule hakuwa Mnyamwezi. Jina lake la kwanza, alilokuwa nalo kabla ya kuitwa jina tunalolijua sisi, lilikuwa la Kimanyema. Aliletwa Tabora akiwa msichana kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alikaa miaka kadhaa, akazaa mtoto, kisha akaenda pwani na mtoto akabaki. Nikauliza: alikwenda, au alipelekwa, au aliuzwa? Mzee akanyamaza kidogo.

"Sisi tumeambiwa aliondoka," akasema. "Nyinyi huko mmeambiwa alikuja. Katikati hapo hakuna mtu aliyekuwepo."

Wanafunzi wenzangu wa sarufi, tazameni vitenzi. Aliondoka. Alikuja. Vyote viwili ni vya mtu anayetenda kwa hiari yake. Familia mbili, moja kila mwisho wa njia, zimeficha kauli ya kutendwa. Sisi wa pwani tulisema Tabora kwa sababu kusema Umanyema kungefungua swali jingine: alifikaje? Na wao wa Tabora walisema aliondoka kwa sababu mama kumwacha mtoto ni aibu nyepesi kuliko mama kuuzwa mbele ya mtoto. Sijui kama aliuzwa. Najua kwamba sentensi zetu zimetungwa ili tusijue.

Nilirudi kwa Tippu Tip nikiwa msomaji mwingine. Mara ya kwanza nilimtazama mjukuu na mtawala mzee, nikapima nani kamdanganya nani. Sasa namtafuta bibi. Kina Daramumba na Kitoto wametajwa kwa majina, na katika maandishi ya namna ile hilo lenyewe ni jambo kubwa. Lakini hawasemi kitu. Hatujui walitembea siku ngapi wala walimlilia nani. Kazi yao katika hadithi ni kutekwa, basi. Na kutekwa kwao, kulikokuwa msiba wa ukoo wa Kasongo Rushie, kunageuzwa kuwa hati ya kusafiria ya mtu ambaye msafara wake mwenyewe unateka wengine. Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki, na ndiyo maana sikubali kukiita kisa cha ujanja tu. Jeraha la mwanamke limetumika kama ufunguo, na mlango uliofunguka uliwaweka wanawake wengine katika njia ile ile aliyopita bibi yangu: Umanyema, Ujiji, Tabora, pwani.

Nilikwenda Kwihara pia, nje ya mji, kuliona tembe la makumbusho. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani, akaondoka Agosti. Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia hii, pamoja na Kwihara, Ujiji na Bagamoyo, katika orodha ya awali ya UNESCO ya mahali panapostahili kuwa urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini nilisimama uani pale nikafikiri kwamba urithi wa njia hii hautoshi kuwekwa katika nyumba alimolala mgeni. Sehemu yake kubwa imo katika sentensi fupi za familia kama zetu, na sentensi hizo zinahitaji wahakiki kuliko zinavyohitaji waashi.

Kuna mwandishi aliyelielewa suala hili vizuri, naye ni Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel ya mwaka 2021. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 sasa tunaisoma kwa Kiswahili, Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Mtoto Yusuf anatolewa na wazazi wake kwa tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba, lakini yeye amefundishwa kumwita tajiri kama mtu amwitavyo ndugu wa wazazi wake. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, anamkanya tena na tena: huyu si ndugu yako, mwite kwa jina la ubwana. Ukiweka riwaya hii kando ya tawasifu ya Tippu Tip utaona zinajibizana. Kule mwenye nguvu analitumia neno la undugu kupata nchi. Huku mnyonge analitumia bila kujua kwamba linafunika deni lake. Neno ni lile lile, na njia ni ile ile. Kinachobadilika ni nani analipa.

Najua nitapingwa. Mtu atasema: basi unataka kutuambia undugu wote ni biashara? Sisemi hivyo. Njia ya misafara ilizaa pia undugu ambao mimi sina ubavu wa kuudharau, na huo ni utani. Wanyamwezi walioteremka pwani na mizigo walikuwa ugenini, na wenyeji wa pwani waliopanda bara walikuwa ugenini vile vile. Kutokana na kukutana huko, wengi wanasema, ukazaliwa utani baina ya Wanyamwezi na makabila ya pwani kama Wazaramo: mtani anakutukana mchana, na ukifiwa ndiye anayesimama msibani kufanya kazi. Huu hauulizi nasaba wala hauhitaji bibi aliyetekwa. Kipimo chake ni kimoja: penye maiti, umekuja au hukuja?

Ndiyo maana siku ya kuondoka yule mzee hakuniambia niandike historia ya ukoo. Alinisindikiza mpaka stesheni, akanipa chupa ya asali, akasema: "Kuja kututazama umekuja, mwanangu, tumefurahi. Sasa tutaona siku ya kuzika."

Alifariki miezi minne baadaye. Shangazi alinipigia simu mwenyewe. Ilikuwa wiki ya mitihani. Nilituma rambirambi kwa simu, nikaandika ujumbe mrefu wa pole, sikwenda.

Kwa hiyo makala haya hayaandikwi na mtu msafi anayemhukumu Tippu Tip kutoka juu. Yeye alikwenda kwa mababu na jina la bibi akarudi na pembe. Mimi nilikwenda na jina la bibi nikarudi na makala. Tofauti baina yetu ni kubwa, na nashukuru kwamba ni kubwa, lakini swali la shangazi linatuhusu sote wawili.

Ninachopendekeza kwa wenzangu wa semina zijazo ni hiki. Kitabu hiki kisomwe katika fasihi, si katika historia peke yake, na kisa cha Utetela kisirukwe kama kichekesho cha njiani. Na kila mmoja wetu mwenye sentensi ya nyumbani ya aina ya "alikuja na msafara", aitazame kitenzi kwa kitenzi kama tunavyolitazama shairi. Anayeona nimekosea kuhusu Kasongo Rushie aandike toleo lijalo, nitamsoma. Shangazi naye nimemwahidi kufika kwenye kisomo cha kumaliza mwaka cha kaka yake. Amesema hataki kanga.